Pamba Ghafi, Takwimu Ghafi: Bariadi na Safari ya Uchumi wa Maarifa

Msimu wa pamba ukifika, barabara ya lami itokayo Bariadi kwenda Lamadi hubadilika sura. Malori yenye marobota hupita mchana na usiku, na nyuzi nyeupe zilizopeperushwa na upepo hunasa kwenye miiba ya vichaka kando ya njia, hata msafiri akaweza kuifuata njia ya zao hilo kwa takribani kilomita 70 bila kumuuliza mtu. Miaka michache iliyopita nilipita barabara hiyo katika msimu kama huo, nikitoka katika kambi ya huduma za kibingwa mkoani Simiyu. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na kichupa cha fomalini chenye kipande cha nyama kisichozidi punje ya mtama. Kilikuwa kimetolewa katika kibofu cha mkojo cha mkulima wa pamba kutoka Itilima.

Mbele yetu lilikwenda lori la marobota. Nikawaza kwamba mimi na lile lori tulikuwa tukifanya kazi moja: kuiondoa mali ghafi Simiyu na kuipeleka kwingine ili igeuzwe kuwa kitu chenye thamani. Pamba ilikwenda kuwa uzi na nguo. Kile kipande cha nyama kilikwenda kuwa jibu.

Jibu lilichukua wiki kadhaa. Lilipofika, simu ya mgonjwa ilikuwa haipatikani, naye alikuwa shambani. Tulipompata, saratani ilikuwa imekwisha kupenya misuli ya kibofu. Siwezi kusema kwamba wiki zile ndizo zilizomponza, maana ugonjwa wake ulianza miaka mingi kabla. Nilipomuuliza ni lini aliiona damu kwenye mkojo kwa mara ya kwanza, alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. “Daktari,” alisema, “damu hii naijua tangu nikichunga ng’ombe. Wakati ule tuliambiwa kwamba kijana asiyekojoa damu bado hajapevuka.”

Tangu alipokuwa mchungaji hadi siku ile ilikuwa imepita zaidi ya miaka thelathini. Katika muda huo wote, elimu ya kumwokoa ilikuwapo duniani. Ilikuwapo katika vitabu, katika vyuo na katika maabara za miji mingine. Kwake haikufika. Makala haya yanahusu umbali huo: umbali kati ya mahali maarifa yanapokaa na mahali yanapohitajika, na jinsi mji kama Bariadi unavyoweza kuufupisha na, kwa kufanya hivyo, kujijengea uchumi.

Maarifa yakiwa mali

Uchumi wa maarifa ni uchumi ambao thamani ya kitu hutokana zaidi na kile watu wanachokijua kuliko uzito wa kitu chenyewe. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, haikuchimba madini wala haikulima shamba; iliunganisha maarifa ya simu na mazoea ya watu ya kutumiana fedha, ikabadilisha maisha ya mamilioni. Vivyo hivyo katika tiba. Karatasi ya kipimo cha maabara yenyewe haina bei, lakini maneno mawili yaliyoandikwa juu yake yaweza kuamua kama mtu atakatwa kibofu au atameza vidonge na kurudi nyumbani.

Mji unaotaka kuishi kwa maarifa hauna budi kuyafanya mambo manne: kuyazalisha, kuyahifadhi, kuyatumia, na kuhakikisha kwamba wenye kuyazalisha wanapata riziki yao kwayo bila kulazimika kuhama. Likikosekana moja, mengine hudhoofika, kama mwili unavyodhoofika kiungo kimoja kikikosa damu.

Usukuma haukungoja chuo kikuu ili uthamini maarifa. Masimulizi ya wazee huwataja Gumha na Ngika, waganga mashuhuri wa zamani waliopimana nguvu za dawa zao. Kutokana na ushindani wao yalizaliwa makundi ya ngoma ya Bagalu na Bagika, ambayo hadi leo hushindana baada ya mavuno, na mshindi huwa ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Humo mna wazo la maana: maarifa hukua yakishindanishwa hadharani. Lakini mna pia onyo. Dawa zenyewe zilibaki siri ya mganga, na aghalabu mganga alipozikwa alizikwa nazo. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na maarifa ni mali.

Mji usiopanda pamba

Ili tuione tofauti kati ya kuwa na zao na kuwa na maarifa, tuutazame mji wa Manchester, Uingereza. Katika karne ya 19 mji huo ulitajirika kwa pamba ilhali haukupanda hata mche mmoja wa pamba. Zao lililimwa Marekani, Misri na India. Manchester ilikuwa na mashine, mafundi, wakemia wa rangi na masoko. Mfanyabiashara wa nguo John Owens, aliyefariki mwaka 1846, aliacha wasia kwamba mali yake itumike kuanzisha chuo, nacho kikafunguliwa mwaka 1851. Chuo hicho ndicho chimbuko la chuo kikuu cha mji huo. Viwanda vya pamba vilipokufa katika karne iliyofuata, mji uliumia sana, lakini chuo kilibaki. Mwaka 2004 watafiti wake wawili walifanikiwa kutenga grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, na mwaka 2010 wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli. Pamba iliondoka, maarifa yaliyolipiwa na pamba yalibaki.

Mwaka huo huo wa 1851, jijini Cairo, daktari kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, alipasua maiti na kukuta ndani ya mishipa ya damu minyoo ambayo sayansi ilikuwa haijaielezea. Ndiyo minyoo ya kichocho. Mwaka 1915, huko huko Misri, Robert Leiper alithibitisha kwamba minyoo hiyo hupitia kwenye konokono wa majini kabla ya kumwingia binadamu kupitia ngozi. Basi ugonjwa uliomuumiza mkulima wa Itilima ulielezwa kwa kuchunguza miili ya watu wa bara letu. Maiti zilikuwa za Afrika, jina la ugonjwa likawa la Mjerumani, na miaka zaidi ya mia moja baadaye kijana wa Kisukuma alikuwa bado akiambiwa kwamba damu kwenye mkojo ni dalili ya kupevuka.

Somo la Ukiriguru

Isifikiriwe kwamba sisi hatujawahi kuzalisha maarifa yetu. Mkulima wa Simiyu huyashika mkononi kila msimu wa kupanda. Mbegu za pamba kama UK 91 na UKM08 zimebeba herufi ambazo baadhi ya watu hudhani ni za Uingereza. Zatokana na Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Misungwi, mkoani Mwanza, kinachoshughulikia zao hilo tangu miaka ya 1930. Wataalamu wake walikabili matatizo yaliyokuwa mashambani kwetu: mnyauko, ugonjwa wa bakteria wa majani, na wadudu wafyonzao. Walichagua na kuchanganya mbegu mwaka baada ya mwaka mpaka wakapata zinazostahimili. Swali lilitoka shambani, jibu likarudi shambani. Mkulima hakuhitaji kusoma ripoti. Ripoti ilikuwa ndani ya mbegu.

Simiyu yenyewe, iliyoanzishwa rasmi kuwa mkoa mwaka 2012 kwa kuunganisha Bariadi, Maswa na Meatu zilizokuwa Shinyanga pamoja na Busega iliyokuwa sehemu ya Magu mkoani Mwanza, na kuizaa wilaya mpya ya Itilima, imekwisha kujaribu kutembea njia hii. Chini ya kaulimbiu ya “Wilaya Moja, Bidhaa Moja”, wazo lililoanzia katika jimbo la Oita nchini Japani mwaka 1979, vijana wa Maswa walitengeneza chaki na wenzao wa Meatu wakasindika maziwa. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa katika kambi za kitaaluma ili walimu wachache wa sayansi na hisabati wawafae wengi. Yalinadiwa pia matumaini ya kiwanda cha vifaa tiba vitokanavyo na pamba, ili bandeji inayofunga kidonda cha mtu wa Bariadi itokane na shamba la Bariadi.

Wazo hilo la mwisho lanigusa kama tabibu. Simiyu huongoza nchini kwa uzalishaji wa pamba, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje ikiwa ghafi. Muuguzi wa zahanati ya Meatu huweza kufungua pakiti ya bandeji iliyotoka ng’ambo huku dirishani pake pakionekana shamba jeupe la pamba. Hata hivyo, kinachotenganisha lile shamba na ile bandeji ni maarifa zaidi kuliko mashine: namna ya kuondoa mafuta kwenye nyuzi, kuua vijidudu, kupima ubora, kutunza kumbukumbu za kila toleo, na kumridhisha mkaguzi wa vifaa tiba. Mashine hununuliwa kwa siku moja. Mtu wa kupima ubora huandaliwa kwa miaka.

Ifakara, mji mdogo wenye darubini

Atakayesema kwamba mambo haya ni ya miji mikubwa, nitampeleka Ifakara, katika bonde la Kilombero. Mwaka 1949 mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Rudolf Geigy, alifika huko. Mwaka 1957 ikaanzishwa maabara ndogo jirani na hospitali ya misheni, na mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundishia watumishi wa afya. Kwa miongo kadhaa ilikuwa maabara ya Waswisi katika nchi ya Waafrika. Kisha uongozi ukaanza kuhamia mikononi mwa Watanzania, miongoni mwao Dk. Andrew Kitua, ambaye baadaye aliongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwaka 1996 kituo kikasajiliwa kama taasisi ya Kitanzania.

Katika miaka hiyo hiyo, watafiti wa Ifakara waliuliza swali la nyumba kwa nyumba: je, chandarua chenye dawa kikiuzwa madukani kwa bei nafuu, kitaokoa watoto wa kijijini? Waliuza vyandarua vilivyoitwa “Zuia Mbu”, wakafuatilia kaya, na mwaka 2001 wakachapisha matokeo: matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Utafiti huo ulichangia kuzaliwa kwa mpango wa taifa wa Hati Punguzo mwaka 2004, ambao mama mjamzito aliutumia kupata chandarua kwa bei ya chini. Wakati huo, kuanzia mwaka 2003, kiwanda cha Arusha kilikuwa kimekwisha kupokea teknolojia ya Kijapani ya vyandarua vya kudumu na kuajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake.

Tuifuate mnyororo huo hatua kwa hatua. Swali la kijijini likawa takwimu; takwimu zikawa sera; sera ikawa soko; soko likalisha kiwanda; kiwanda kikatoa ajira; na watoto wakaishi. Huo ndio uchumi wa maarifa kwa lugha ya Kiswahili, na mwanzo wake ulikuwa chumba chenye darubini katika mji ambao wengi hawakuujua.

Takwimu ghafi

Sasa turudi Bariadi, tuingie katika zahanati yoyote ya vijijini mwishoni mwa mwezi. Muuguzi amefunika dirisha la dawa, amewasha taa ya simu, anajumlisha. Mbele yake mna vitabu vya MTUHA: kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha waliojifungua. Anahesabu vijistari, anajaza fomu, anaipeleka. Fomu inaingizwa katika mfumo wa kompyuta wa taifa, mfumo ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kwa miaka mingi kuujenga na kuuendeleza. Kwa kazi hii Tanzania imesifiwa.

Lakini muulize muuguzi yule: mwezi uliopita takwimu zako zilikufundisha nini? Aghalabu atakutazama kama mgonjwa wangu alivyonitazama. Kwake, namba ni mzigo wa kupeleka juu. Zimeondoka kama pamba ilivyoondoka, zikiwa ghafi. Na kama zimegeuzwa kuwa maarifa huko zilikokwenda, hakurudishiwa hata kipande cha nguo. Mtu asiyerudishiwa chochote hatimaye huacha kujali anachotoa. Hapo ndipo vijistari huanza kujazwa kwa kukisia, na takwimu zilizopikwa ni sumu, kwa kuwa zina sura ya maarifa bila kuwa maarifa.

Kwa mujibu wa sensa, watu wa Simiyu walikuwa 1,584,157 mwaka 2012 na 2,140,497 mwaka 2022. Watu zaidi ya nusu milioni wameongezeka ndani ya miaka 10. Hakuna mganga mkuu atakayeweza kupanga huduma za ongezeko hilo kwa kubahatisha. Njia iliyopo ni kwamba kila kituo kiwe na desturi ya kuzisoma namba zake kabla ya kuzituma: kuchora mstari wa miezi 12 ukutani, kuutazama pamoja, na kuulizana kwa nini mwezi huu umepanda. Kalamu na karatasi vyatosha kuanzia.

Swali la malambo

Nitatoa mfano mmoja wa swali ambalo Geneva haiwezi kuijibia Bariadi.

Katika sehemu kubwa ya Usukuma, kichocho cha mkojo huambukizwa katika malambo na madimbwi ya msimu. Konokono wanaokibeba wana uwezo wa ajabu: maji yakikauka hujizika kwenye tope na kungoja, hata kwa miezi, na mvua zikirudi huamka na kuzaliana. Dawa tunayoitumia, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa; michanga haiipati vizuri, wala haimkingi mtu asiambukizwe tena. Minyoo huhitaji takribani miezi miwili hadi mitatu kukomaa. Basi mtoto akimezeshwa dawa wakati malambo yamejaa, huenda baadhi ya minyoo yake ikaponyoka kwa uchanga wake, naye jioni hiyo hiyo akarudi kuoga palepale. Akimezeshwa miezi michache baada ya lambo kukauka, yamkini dawa itaikuta minyoo yote imekomaa, na hakuna maji ya kumwambukiza upya mpaka mvua.

Hoja hiyo ina mantiki, lakini mantiki si ushahidi. Baadhi ya malambo hayakauki. Watoto wengine hufuata mifugo mbali hadi kwenye maji ya kudumu. Busega, iliyo kando ya Ziwa Victoria, ina kichocho cha tumbo ambacho hakijui kiangazi. Mradi wa kuleta maji ya ziwa katika wilaya za mkoa huu, ulioidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, utabadilisha mahali watu wanapochotea maji. Utabadilisha vipi maambukizi? Anayeyajua malambo kwa majina yake ni mwenyeji. Mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mteknolojia wa maabara na mchungaji wa ng’ombe wakikaa meza moja na mtafiti, swali hili laweza kujibiwa, na jibu lake likawafaa watu wa Shinyanga, Singida na nchi nyingine zenye ukame kama wetu. Siku Bariadi itakapofuatwa na wageni kwa ajili ya jibu hilo, badala ya kufuatwa kwa ajili ya sampuli tu, mji utakuwa umevuka mto.

Kinachoudumisha

Kuanzisha ni rahisi kuliko kudumisha. Katika uzoefu wangu wa kazi nimeona maabara nzuri zikigeuka stoo za viti vibovu, na sababu hujirudia.

Ya kwanza ni watu. Daktari bingwa mmoja akiwa peke yake katika hospitali ya rufaa ya mkoa huchoka na kuondoka. Wawili huanza kujadiliana. Watatu huanza kufundisha, na palipo na kufundisha ndipo vijana hubaki. Kwa hiyo hospitali ya mkoa pale Bariadi, chuo cha ufundi stadi, kampasi ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha na shule za sekondari zinazotoa wanafunzi wa sayansi ni viungo vya mwili mmoja. Fundi aliyefunzwa kutengeneza pampu ya maji aweza kufunzwa kutengeneza mashine ya oksijeni. Mhitimu wa mahesabu aweza kuisaidia wilaya kusoma takwimu zake za dawa. Wanahitaji tu kufahamiana.

Ya pili ni fedha. Mapema mwaka 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa, watumishi wengi wa miradi ya afya katika nchi zetu walipokea barua za kuachishwa kazi ndani ya siku chache. Walikuwa hodari, na ujuzi wao ulitawanyika. Hatuwezi kuukataa msaada, lakini jengo lililosimama kwa nguzo ya jirani huanguka jirani akihama. Wilaya inayokusanya ushuru wa pamba ingeweza kutenga sehemu yake ndogo, kila mwaka bila kukosa, kwa ajili ya kujibu swali moja la wilaya. Mwaka huu malambo, mwakani vifo vya wachanga, mwaka unaofuata viuatilifu vya pamba na afya ya wakulima. John Owens alifanya jambo la namna hiyo kwa mali ya pamba ambayo hakuilima. Sisi tunailima wenyewe.

Ya tatu ni kurudisha majibu. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti ni mgeni. Akija, akachukua damu na mkojo, akaandika, akapandishwa cheo, na mwenyeji asipone, amevunja adabu ya ugeni. Kila utafiti unaoidhinishwa mkoani ungepaswa kurudi na kueleza, kwa Kiswahili na pale inapohitajika kwa Kisukuma, mbele ya watu waliotoa sampuli.

Mfano mwema tunao karibu. Mfumo wa m-mama, unaompeleka hospitali mama mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini kwa kupiga simu namba 115 bila malipo, ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchini. Majirani zetu waliuliza swali la umbali, wakajibu kwa simu na madereva wa kijijini waliokuwapo tayari. Kanda hii ina uwezo wa kuifundisha nchi.

Kwa mtumishi wa afya, na kwako mgonjwa

Mtumishi mwenzangu, uchumi wa maarifa huanzia mezani pako. Mgonjwa mwenye damu kwenye mkojo asiandikiwe U.T.I. kwa mazoea. Chukua mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati ambapo mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Chuja mililita 10 au uache utuame, kisha utazame kwa darubini. Ukiona mayai, toa prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mwanamke anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, mwenye uchafu usiopona kwa dawa za magonjwa ya ngono, au anayehangaika kupata mtoto, mfikirie pia kichocho cha sehemu za uzazi kabla ya kumhukumu. Na mtu mzima anayekojoa damu, hata bila maumivu, mpe rufaa akachunguliwe kibofu, kwa kuwa tangu mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeitambua minyoo hii kuwa chanzo cha saratani. Kisha andika ulichokiona, ukihesabu, na umwoneshe mwenzako.

Nawe mgonjwa, una haki ya jibu. Sampuli yako ikichukuliwa, uliza mambo matatu: inapelekwa wapi, jibu litarudi lini, na nani atakupigia simu. Toa namba mbili, yako na ya jirani. Kuuliza si utovu wa adabu. Maswali yako ndiyo yanayoufanya mfumo usisahau kwamba ndani ya kile kichupa kuna mtu.

Mkulima yule wa Itilima hakupona. Mara ya mwisho tulipoonana hakuniuliza juu yake mwenyewe, alimsukuma mbele kijana wake wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka 11, akasema, “Huyu naye ameanza kupevuka.” Alisema kwa tabasamu, lakini macho yake hayakucheka. Tulimpeleka kijana maabara palepale kituoni. Mteknolojia, binti aliyezaliwa wilaya hiyo hiyo, aliuchuja mkojo, akainama kwenye darubini, akaniita nitazame. Mayai yalikuwapo, kila moja na mwiba wake nchani. Kijana alipewa vidonge kabla jua halijafika utosini, na hakuna kichupa kilichosafiri siku ile.

Nilipoondoka nilikuta malori ya pamba bado yakipita kuelekea ziwani. Jibu moja, angalau, lilikuwa limebaki Simiyu.